Kambi ya jeshi ikibadilishwa jina, hasa kinabadilika nini?

Kuna suali linalozunguka mabarazani Unguja na Pemba, na zaidi kwenye makundi ya simu, na kila likija linawaacha watu wamegawanyika: Marekani wamezibadilisha jina kambi zao za jeshi au hawakuzibadilisha? Mmoja anasema Fort Bragg iliondolewa jina mwaka 2023 kwa kuwa lilikuwa la jenerali aliyepigania utumwa. Mwengine anamuuliza, mbona taarifa za 2025 zinaiita Fort Bragg tena? Wa tatu anakata shauri kwamba Trump amewarudisha majenerali wa utumwa. Wa nne anakataa, anasema Bragg wa sasa ni mtu mwengine kabisa. Wote wanne wameshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana hawafiki popote. Wanachanganya jina, mwenye jina, na mwenye mamlaka ya kulitoa.

Tuwekane sawa kwanza juu ya maneno. Kambi ninayoisema hapa si mahema ya wiki mbili. Ni mji wa jeshi wa kudumu, wenye nyumba za familia, skuli, hospitali, maduka na uwanja wa ndege. Fort Bragg, katika jimbo la North Carolina, inakaliwa na makumi ya maelfu ya wanajeshi. Anayezaliwa pale atalitaja jina hilo umri wake wote.

Neno la pili ni "Kusini". Kuanzia mwisho wa 1860 na kuendelea mwaka 1861, majimbo kumi na moja ya kusini mwa Marekani yalijitenga na kuunda nchi yao, na shina la ugomvi lilikuwa kuulinda utumwa wa watu weusi karibu milioni nne. Vita vikadumu hadi 1865, Kusini ikashindwa. Majenerali wake, kwa hiyo, ni watu waliolipiga jeshi la Marekani risasi, tena wengi wao baada ya kula kiapo cha kulitumikia.

Sasa jeshi linawezaje kuipa kambi yake jina la mtu aliyelipiga vita jeshi hilo hilo? Kambi hizi zilifunguliwa zaidi wakati wa vita vikuu viwili vya dunia, wakati nchi ilihitaji ardhi kubwa na askari wengi kwa haraka. Ardhi ilikuwepo kusini. Wakubwa wa huko, wazungu, walitaka mashujaa wao watajwe, na serikali ikawaridhisha. Watu weusi wa majimbo hayo hawakuulizwa, maana wengi wao hata kura walizuiwa kupiga. Hivyo ndivyo Braxton Bragg, mmiliki wa watumwa na shamba la miwa Louisiana, ambaye wanahistoria wanamhesabu miongoni mwa makamanda dhaifu wa upande wake, alivyopata kambi mwaka 1918.

Msomaji wa Zanzibar hahitaji kushikwa mkono kuelewa uchungu wa jambo hili. Kila anayepita Mkunazini anajua kwamba pale palikuwa na soko la watu mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Hebu mchukue kijana ambaye babu zake waliuzwa, umvishe sare, umwambie aape kuilinda nchi yake, kisha umpeleke kulala katika kambi yenye jina la aliyepigana ili babu huyo asiachiwe huru. Askari weusi wa Marekani waliishi hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mambo yakageuka 2020, baada ya George Floyd kuuawa mikononi mwa polisi mjini Minneapolis na mamilioni ya watu kuingia barabarani. Bunge la Marekani likaweka ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi kifungu kinachotaka majina ya watu wa Kusini yaondolewe katika mali za jeshi. Rais Trump, aliyekuwa anamalizia muhula wake wa kwanza, aliikataa sheria hiyo. Bunge likampiku kwa theluthi mbili, na tarehe 1 Januari 2021 ikawa sheria bila ya saini yake. Tukio hili tulibakishe kichwani, kwa sababu bila yake yaliyotokea 2025 hayaeleweki.

Kamisheni ya watu wanane ikazunguka, ikasikiliza wanajeshi na wakaazi wa miji jirani, ikapendekeza majina mapya ya kambi tisa. Mwaka 2023 yote yakatumika. Fort Bragg ikawa Fort Liberty, yaani Uhuru, kambi pekee kati ya tisa isiyopewa jina la mtu. Nane zilizobaki zilipewa watu, na hapo kamisheni ilifanya kazi ambayo mimi naiona nzuri sana.

Chukua Fort Lee ya Virginia, iliyobeba jina la Robert E. Lee, jenerali mkuu wa Kusini. Ilipewa majina mawili pamoja: Gregg na Adams. Charity Adams alikuwa afisa mweusi aliyeongoza kikosi cha wanawake 855 kilichopelekwa Uingereza mwaka 1945. Kazi yao haikuwa ya bunduki. Katika maghala ya Birmingham zilikuwa zimerundikana barua na vifurushi kwa mamilioni, vya askari walioko mstari wa mbele ambao kwa miezi hawakujua kama mama zao wazima. Walipewa miezi sita kuyamaliza, wakamaliza kwa mitatu. Arthur Gregg naye alifika katika kambi hiyo akiwa afisa kijana mwaka 1950, wakati ukumbi wa maafisa ulikuwa haumpokei mtu mweusi. Akapanda hadi kuwa luteni jenerali, akaishi mpaka Aprili 2023 akahudhuria mwenyewe sherehe ya kambi kuitwa kwa jina lake. Alifariki 2024, kwa hiyo hakushuhudia kilichofuata.

Au chukua Fort Benning ya Georgia, iliyopewa jina la Hal Moore na mkewe Julia. Hal alikuwa kamanda katika vita vya Vietnam. Julia hakuwahi kushika silaha. Mwaka 1965, mapigano makali ya bonde la Ia Drang yalipoanza kuua vijana wa kikosi cha mumewe, jeshi lilikuwa likipeleka habari za misiba kwa telegramu, na telegramu zenyewe zikikabidhiwa madereva wa teksi. Mke anafungua mlango, anakuta dereva ameshika karatasi. Julia alianza kwenda mwenyewe kwenye nyumba hizo na mazikoni, akawasukuma wakubwa mpaka utaratibu ukabadilika na afisa pamoja na kasisi wakawa ndio wanaofika mlangoni. Anayejua namna msiba unavyopaswa kufikishwa kwa wenyewe, kama tunavyojua sisi, atamwelewa Julia Moore kuwa shujaa bila ya kuhitaji hoja nyengine.

Februari 2025 Trump akiwa amerudi madarakani, waziri wake wa ulinzi Pete Hegseth alitia saini waraka wa kuirudishia Fort Liberty jina la Fort Bragg. Safari hii, waraka ulisema, Bragg ni Roland Bragg, askari wa cheo cha chini aliyepigana Ubelgiji mwishoni mwa vita vya pili vya dunia na kupata nishani kwa ushujaa. Machi, Benning ikarudi, mara hii kwa jina la Fred Benning, askari wa vita vya kwanza. Juni zikatangazwa saba zilizobaki. Fort Lee sasa ni ya Fitz Lee, askari mweusi aliyewaokoa wenzake majeruhi nchini Cuba mwaka 1898 na akapewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Fort A.P. Hill ndiyo ya ajabu zaidi: walitafutwa watu watatu, Anderson, Pinn na Hill, ili herufi za mwanzo zitimie. Wote watatu walikuwa askari wa upande wa kaskazini, yaani walipigana dhidi ya upande wa A.P. Hill, jenerali wa Kusini aliyekuwa mwenye jina hilo mwanzo.

Kwa nini mzunguko wote huo? Kwa sababu ya sheria ya 2021. Inakataza kuwaenzi watu wa Kusini, haikatazi jina la ukoo.

Sisi watu wa pwani tunaweza kulielewa hili kupitia somo, yaani mtu unayechangia naye jina. Mtoto amezaliwa, ameitwa Khamis. Ana babu Khamis upande wa baba, aliyewadhulumu ndugu zake shamba la mikarafuu, na ana babu Khamis upande wa mama, mtu mwema asiye na neno na mtu. Wazee wa ukoo walishakaa wakakubaliana kwamba yule dhalimu hataachiwa somo. Baba wa mtoto anasimama anasema: huyu ni somo wake babu yake mzaa mama. Kwa maneno aliyoyatamka hakuna wa kumkosoa. Lakini ukoo unamjua. Umemsikia miaka yote akilia kwamba jina la baba yake limeonewa, na unajua wazi kuwa babu wa upande wa mama angekuwa anaitwa Juma, mtoto huyu asingeitwa Juma.

Kwa hiyo yule anayesema Trump amewarudisha majenerali wa utumwa amekosea kisheria, maana kwenye karatasi wenye majina ni wengine. Na yule anayesema ni mashujaa wapya tu, hakuna jengine, naye anafumba macho. Trump mwenyewe, alipozitaja kambi hizo mbele ya wanajeshi Fort Bragg mwezi Juni 2025, alisema majina "yanarudishwa" na akaitaja Fort Robert E. Lee kwa jina kamili la jenerali yule. Kitu hakirudishwi ila kilichokuwapo.

Mimi nasimama hapa: Roland Bragg alistahili kukumbukwa. Inasimuliwa kwamba aliendesha gari la wagonjwa aliloliteka kwa Wajerumani ili kumfikisha mwenzake aliyejeruhiwa hospitali. Kazi hiyo peke yake inatosha. Lakini hakuchaguliwa kwa kazi hiyo. Alitafutwa kwenye orodha kwa sababu ya jina la ukoo wake, na huko ni kumdhulumu yeye, kama alivyodhulumiwa Charity Adams aliyetolewa ili apatikane Lee mwengine. Heshima ikianzia kwenye herufi na kuishia kwenye tendo, imeanza kinyume.

Hoja inayosikika sana, hapa kwetu na kwao, ni kwamba kubadilisha jina ni kufuta historia. Naiheshimu hoja hii kuliko wanavyoiheshimu wengi wanaoipinga, kwa sababu kuna kitu ndani yake. Mfano wake tunao karibu.

Kambi ya Lugalo, Dar es Salaam, kila mtu anaijua, kuanzia konda wa daladala hadi mgonjwa anayepelekwa hospitali yake. Wakati wa Mwingereza ilikuwa ikiitwa Colito. Colito ni mahali Ethiopia palipopiganwa Mei 1941, na waliopigana ni kikosi cha sita cha KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika), kikosi kilichokuwa kikichukua vijana wa Tanganyika. Sajenti mzungu, Nigel Leakey, alirukia juu ya kifaru cha Wataliani, akalifungua dirisha lake kwa nguvu na kuwapiga risasi waliomo. Aliuawa siku hiyo hiyo akienda kwenye kifaru chengine, na Uingereza ikampa nishani yake kubwa kuliko zote baada ya kufa.

Katika kambi hiyo ya Colito ndipo askari walipoasi tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa. Jeshi jipya halikutaka kulala chini ya kumbukumbu ya mkoloni. Kambi ikaitwa Lugalo, mahali karibu na Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mkwawa, wengi wakiwa na mikuki, walikivizia kikosi cha Wajerumani cha kamanda Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa, Wajerumani wapatao kumi wakafa pamoja na askari wao zaidi ya mia mbili. Mapigano yalikwisha kwa muda mfupi sana.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na jina limeshika mpaka leo. Lakini kuna waliopotea njiani. Colito haikuwa ya Leakey peke yake. Palikuwa na vijana wa Kitanganyika waliovuka maji pale chini ya risasi, na leo hakuna jina linalowakumbusha. Historia yao haikufutwa, imo kwenye vitabu na kumbukumbu za vita. Kilichoondoka ni heshima ya hadharani. Na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo hoja ya "kufuta historia" inavichanganya: kumbukumbu hukaa kwenye nyaraka, makumbusho na masimulizi, na jina la kambi ni tunzo, nayo tunzo hutolewa na aliye hai kwa anayemchagua. Braxton Bragg hakutoweka vitabuni mwaka 2023.

Zanzibar tuna uzoefu wetu wa kutosha. Skuli ya Lumumba ilikuwa na jina la mfalme George wa Sita kabla ya Mapinduzi. Hospitali ya Mnazi Mmoja iliwahi kuitwa V.I. Lenin, na leo ukimwambia kijana wa Jang'ombe umelazwa Lenin atakushangaa. Tunayo skuli ya Benbella, na Pemba tunayo ya Fidel Castro. Lumumba limeshika, Lenin halikushika, na amri zote mbili zilitoka serikalini. Watu wakilikubali jina wanalibeba, wasipolikubali wanarudia jina la mahali.

Vituo vyetu vya ulinzi, kwa sehemu kubwa, vimekaa na majina ya mahali. KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, utawasikia watu wakisema Kibweni, JKU, jeshi la kujenga uchumi, ni Saateni, polisi ni Ziwani. Wanajeshi wa hapa tunawajua kama Brigedi ya Nyuki. Pemba, Vitongoji, ipo Kambi ya Ali Khamis, lakini kambi zenye jina la mtu ni chache. Wapo wanaoona kuwa huu ni upungufu, kwamba nasi tuwe na kambi zenye majina ya mashujaa. Hapo ndipo suali gumu kuliko yote linapokuja, na Marekani wanatusaidia kuliona: shujaa wa nani?

Fort Gordon ya Georgia, iliyokuwa ya jenerali wa Kusini, sasa ni ya Gary Gordon. Huyu aliuawa Mogadishu tarehe 3 Oktoba 1993 baada ya kuomba mwenyewe ashushwe kumlinda rubani aliyeanguka, akijua hatoki. Huo ni ushujaa mtupu. Lakini siku ile ile, katika mitaa ile ile, Wasomali kwa mamia waliuawa, na Mogadishu si mbali na sisi. Kuna Wasomali wanaoishi mjini hapa. Jina moja, familia mbili, kumbukumbu mbili. Sisi nasi tunayo ya kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Ziwani na Mtoni palivamiwa na silaha zikachukuliwa. Zipo familia zinazoiona siku ile kama mlango wa uhuru, zipo zinazowahesabu waliokosekana, na nyengine zina yote mawili ndani ya nyumba moja. Jina la mahali halimuumizi yeyote kati yao. Anayetaka kuweka jina la mtu juu ya lango la Ziwani lazima kwanza awe tayari kuwasikiliza wote.

Tena kuna suala la nani anaamua, ambalo watu wengi wanalikosea. Ulinzi ni jambo la Muungano. Kambi ya JWTZ iliyoko Unguja au Pemba haiitwi wala haibadilishwi jina na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), wala Baraza la Wawakilishi halina kauli ya mwisho juu yake. Hiyo ni ya jeshi na Amiri Jeshi Mkuu. Lakini KMKM, JKU na vikosi vyengine vya SMZ vimo ndani ya Katiba ya Zanzibar kama Idara Maalum, chini ya Rais wa Zanzibar. Hata hivyo hatuna sheria kama ile ya Marekani ya 2021 inayosema jina la aina gani lisitumike, na hilo lina faida na hasara: hakuna wa kuizunguka sheria kwa kutafuta watu wa jina moja, lakini pia hakuna kinachomzuia mkubwa mmoja kuamka na jina.

Na si bure. Kamisheni ya Marekani ilikadiria dola zaidi ya milioni 20 kwa kambi tisa tu: mabango, nyaraka, barabara, mifumo ya kompyuta. Miaka miwili baadaye yote yakaanza upya.

Kama ningeulizwa, ningewataja kwanza wale ambao mpaka leo hawana kambi, hawana skuli, hawana mtaa. Katika vita vya kwanza vya dunia Waingereza walichukua watu kutoka visiwa hivi, wengine kwa nguvu, wakawabebesha mizigo ya jeshi bara. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao, na kwa bahati jina lao, "Carrier Corps" (kikosi cha wapagazi) kwa matamshi yetu, limebaki sokoni. Wa pili ni waliozikwa Kaboya, Muleba, mkoani Kagera, askari wetu wa vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin. Majina ya makamanda wa vita vile tunayasikia kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Ya askari wa cheo cha chini hatuyasikii.

Jambo hili lina njia. Kwa kambi za JWTZ, mbunge wa Zanzibar anaweza kuiuliza wizara ya ulinzi bungeni Dodoma. Kwa Kibweni, Saateni na vituo vyengine vya Idara Maalum, mlango uko Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, na mwakilishi yeyote anaweza kutaka ipatikane kamati ya kusikiliza familia za askari na wapagazi, Unguja na Pemba, kabla ya jina lolote kuandikwa.